Jaji Aliyechaguliwa na Wenzake



Katika nchi ya Wakuria neno zito huamuliwa katika iritongo, mbele ya watu wote, na kila aliyepo humjua anayeamua. Basi mtu wa Kegonga akiuliza Jaji wa Mahakama Kuu, ambaye hakupigiwa kura na yeyote hapa, amepata wapi uwezo wa kuhukumu kesi ya mauaji, anauliza jambo la haki. Habari za marehemu Jaji David Majanja zatoa sehemu kubwa ya jibu.

Bwana Majanja alikuwa wakili. Mwaka 2011, chini ya Katiba mpya ya Kenya ya 2010, alifanywa Jaji. Haukupita muda mrefu akapewa kazi nzito: tarehe 13 Januari 2012 yeye, pamoja na Majaji Isaac Lenaola na Mumbi Ngugi, walitoa hukumu juu ya wakati wa kufanya uchaguzi mkuu wa kwanza chini ya Katiba hiyo. Uchaguzi ukafanywa tarehe 4 Machi 2013, na siku hiyo watu wa Kegonga walimchagua kwa mara ya kwanza mbunge wa Kuria Mashariki.

Baadaye aliketi Homa Bay na Migori. Yafaa ifahamike kwamba kesi ya wizi wa ng'ombe huanza kwa hakimu, kama yule wa Kehancha, na asiyeridhika hukata rufani kwa Jaji. Lakini kesi ya mauaji huanza kwa Jaji mwenyewe, kwa maana hakimu hana ruhusa kuisikiliza. Zamani mambo hayo yalipelekwa Kisii. Kwa mshtakiwa aliye rumande, ambaye mashahidi wake hutafuta nauli kwa taabu, kupata Jaji Migori si jambo dogo.

Mwaka 2019 Jaji Majanja alichaguliwa kuwa mjumbe wa Tume ya Utumishi wa Mahakama. Hakuzunguka sokoni kuomba kura, wala hakuwa na chama cha siasa. Katiba yasema kwamba Jaji mmoja wa Mahakama Kuu na hakimu mmoja, mwanamume na mwanamke, watachaguliwa na wanachama wa chama cha majaji na mahakimu. Wapigaji kura wa namna hiyo hawadanganyiki kwa urahisi, kwani humjua mwenzao kwa hukumu alizoandika.

Tume hiyo ina watu kumi na mmoja. Ndiyo iliyowahoji hadharani mwaka 2021 walioomba kuwa Jaji Mkuu, hata Bibi Martha Koome akapendekezwa. Ndiyo pia ipokeayo malalamiko: mwananchi yeyote, hata mkulima wa tumbaku wa Kegonga, aweza kupeleka ombi la kutaka jaji mwovu aondolewe, na Serikali peke yake haiwezi kumwondoa jaji kwa sababu hukumu yake imeiudhi. Ulinzi huu wafaa kukumbukwa. Mwezi wa Novemba 2023 Jaji Majanja, pamoja na Majaji Christine Meoli na Lawrence Mugambi, waliamua kwamba ushuru wa nyumba uliokatwa katika mishahara ulivunja Katiba. Naye aliendelea kuketi mahakamani na katika Tume.

Alifariki tarehe 10 Julai 2024, kabla ya miaka yake mitano katika Tume kutimia, na wenzake wakalazimika kupiga kura tena.