Somo la Kwanza Ni la Karani: Chuo Kikuu, Nakivale na Watu wa Kuja

(Mhadhara wa umma, Mbarara)

Vyuo vikuu vinapotaka kuwafundisha watu wao kuishi na wasiofanana nao, utaratibu unajulikana. Ukumbi hupambwa, mtaalamu huletwa, maji ya chupa hugawiwa, picha ya pamoja hupigwa, na jioni kila mmoja huondoka na cheti. Kesho yake dirisha la usajili hufunguliwa saa ileile, karani ni yuleyule, na fomu ni ileile.

Mbarara ina bahati ya kuwa na somo hilo jirani. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yalifunguliwa kwa ajili ya Watutsi waliokimbia Rwanda tangu machafuko ya 1959, na leo ni kati ya makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Wamo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Mama Mkongo anayetafuta mchele kwenye duka la Msomali hamsubiri mkalimani: Kiswahili kinatosha, chake cha Kivu na cha mwenye duka cha kuokoteza sokoni. Bei inabishaniwa, bei inaafikiwa.

Hata hivyo, tusiipake sukari historia ya eneo hili. Oktoba 1982, hapahapa Ankole, watu walioitwa Wanyarwanda walichomewa nyumba na kunyang'anywa ng'ombe. Maelfu walikimbilia mpaka wa Rwanda, wengine wakarudi kusongamana katika makambi ya zamani, Nakivale na Oruchinga. Miongoni mwao walikuwemo waliozaliwa Uganda, hata raia halali. Waliowafukuza hawakuwa wageni wao: walikuwa majirani na vijana wa chama kilichotawala, wakiungwa mkono na viongozi wa mahali. Kuishi pamoja miaka mingi hakukuwakinga, kwa sababu haki yao ilitegemea hisani ya jirani, na hisani ina siku zake.

Mji huu una mfano mwingine, wa upande wa pili. Shule ya Ntare, iliyoanzishwa 1956, ilimsomesha Yoweri Museveni, mtoto wa wafugaji wa Ankole, na baadaye ikampokea Paul Kagame, mtoto wa wakimbizi. Siasa za wawili hao ni mhadhara mwingine kabisa, na mrefu. Hapa inatosha kusema kwamba mlango wa shule ulifunguka kwa mtoto aliyetoka kambini.

Je, mlango wa chuo kikuu? Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inasema mkimbizi katika elimu ya msingi atendewe sawa na raia. Akivuka hapo, anawekwa fungu moja na wageni wengine. Lakini sheria hiyohiyo inataja waziwazi kutambuliwa kwa vyeti vya nje na kupunguziwa ada. Kifungu hicho kingefaa kubandikwa ukutani katika kila ofisi ya udahili nchini.

Maana ugumu uko kwenye karatasi. Kijana aliyemaliza sekondari Bukavu ana diploma ya serikali ya Kongo: imeandikwa Kifaransa, na alama zake ni asilimia. Fomu ya Uganda inauliza pointi. Basi cheti kitafsiriwe, kisha kipelekwe Baraza la Mitihani, Kampala, kilomita zipatazo 270 kutoka Mbarara, kikalinganishwe. Nauli hiyo, ada hiyo. Bado majina. Mkongo ana majina matatu, na kwenye kitambulisho cha ukimbizi moja linaweza kuwa limekosewa herufi. Msomali naye ana jina lake, la baba na la babu. Fomu inamdai jina la ukoo, ajaze lipi? Karani asiyefundishwa huona udanganyifu hapo. Aliyefundishwa huomba hati ya kiapo, na kazi inaendelea.

Uganda inajua nguvu ya kanuni ndogo. Mwaka 1990 wasichana walioomba nafasi katika vyuo vikuu vya umma walianza kuongezewa pointi 1.5. Kelele zilipigwa, na nyingine zilikuwa na hoja, kwani walionufaika zaidi ni waliotoka shule nzuri. Lakini katika miongo iliyofuata wanawake Makerere walikaribia nusu ya wanafunzi. Hakuna semina ya siku mbili iliyowahi kufanya hivyo.

Darasani nako kuna kazi. Mhadhiri akitania kwa Kinyankole, nusu ya darasa hucheka na waliobaki hutazama madaftari yao. Kiswahili kingesaidia, ni lugha rasmi ya pili kikatiba tangu 2005, ingawa Waganda wengi bado wanakisikia kama sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilipoanza 1989 na kitivo cha tiba, kilijijengea sifa ya kupeleka wanafunzi vijijini wakajifunze kwa jamii. Mwelekeo huo unafaa kwa ofisi pia. Vyuo vya mji huu vipange meza moja ya udahili Base Camp, ndani ya Nakivale, kabla ya kila msimu wa maombi, akae hapo karani mwenye mamlaka ya kupokea cheti ambacho bado kinalinganishwa. Na mafunzo yajayo yakiandaliwa, viti vya mbele wapewe askari wa getini, karani wa usajili na matroni wa hosteli, kabla ya wahadhiri na wanafunzi.