NJIA YA KUWA MWALIMU: MANENO YALIYOSEMWA MASHIMONI

(Hotuba ya mfanya kazi wa reli mbele ya wanachama na wazazi, Mashimoni, Kibera.)



Sisi tunaosema nanyi leo si walimu. Sisi ni watu wa reli, na elimu yetu ni ile ya shule ya misheni, darasa la nane basi. Lakini watoto ni wetu na karo yatoka mifukoni mwetu, kwa hiyo habari ya ualimu yatuhusu.

Katika kazi yetu hakuna mtu apewaye injini kwa sababu ana nguvu, au kwa sababu ni mtoto wa fulani. Kwanza hufundishwa, kisha hukaa kando ya dereva wa zamani, halafu hupimwa. Akifaulu ndipo apewe cheti. Dereva akikosea, kila mtu huona mabehewa yaliyolala chini. Mwalimu akikosea hakuna kinachoonekana. Mtoto huvaa sare kila asubuhi na kwenda shule, na hasara hujulikana siku ya mtihani, wakati miaka imekwisha kupita.

Ndiyo sababu ualimu nao una sheria yake. Tume ya Huduma kwa Walimu, yaani TSC, iliundwa kwa sheria ya mwaka 1966, ikaanza kazi mwaka 1967. Katiba ya mwaka 2010 iliipa Tume kazi ya kuandikisha walimu waliofundishwa, na sheria ya mwaka 2012 yasema kwamba mtu asiyeandikishwa asifanye kazi ya ualimu.

Sasa tutazame hapa kwetu. Shule za serikali, kama Olympic, Ayany na Toi, ziko kandokando ya Kibera, nazo hujaa. Kwa hiyo watoto wengi wa Mashimoni husoma katika shule ndogo za watu binafsi, za makanisa na za vikundi. Wafundishao humo, wengi ni vijana waliomaliza kidato cha nne bila kupita chuo chochote. Hatuwacheki. Wao ndio waliowashika watoto wetu pale tulipokosa nafasi kwingine, na mshahara wao ni mdogo. Ni wafanya kazi kama sisi. Lakini kazi bila cheti ni kama kulala katika nyumba ya mtu: siku yoyote waweza kuambiwa utoke.

Basi njia ni ipi? Ziko njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni ya shule za msingi. Zamani kulikuwa na vyeti vya P3, P2 na P1. Siku hizi hiyo si njia tena. Tangu mwaka 2021 vyuo vya walimu vilianza kufundisha diploma ya miaka 3, badala ya cheti cha P1 kilichokuwa cha miaka 2.

Ya pili ni ya shule za sekondari, nayo hupita chuo kikuu. Wengi wenu mwajua Chuo Kikuu cha Kenyatta kule Kahawa. Mahali pale palikuwa kambi ya askari wa Kiingereza. Mwaka 1965 kambi ilitolewa kwa serikali yetu ikawa chuo, na mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Palipokaa bunduki pakakaa chaki. Digrii ya ualimu ni ya miaka 4, na ndani yake mwanafunzi hupelekwa shuleni kufundisha huku akitazamwa na wakubwa wake. Yule mwenye digrii ya namna nyingine, ya sayansi au ya sanaa, huongeza diploma ya ualimu baada ya digrii yake.

Hapa, ndugu, fungueni masikio. Katika mtihani wa KCSE, wastani wa C+ peke yake hautoshi. Yatakiwa pia C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha.

Mwenzetu mmoja wa gangi ya njia aliuza shamba lake dogo la nyumbani ili binti yake asome ualimu. Binti alikuwa na wastani wa C+, lakini katika kemia alikuwa na C. Chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, kilimpokea kusomea biolojia na kemia, na karo kikapokea miaka yote minne. Alipokwenda kuandikishwa akaambiwa alama ya kemia haifai. Shamba limekwenda, na binti yuko nyumbani na digrii yake. Kama mtu mmoja tu angaliisoma karatasi ya matokeo mwanzoni, yasingalitokea hayo.

Tena msidhani kwamba kuandikishwa ni kuajiriwa. Nambari ya TSC ni ruhusa ya kufundisha. Kazi yangojewa, na wengine hungoja miaka. Vijana walioandikishwa waliwekwa katika shule za sekondari ya chini kwa kazi ya majaribio, kwa Shs. 20,000 kwa mwezi, wakibeba mzigo ule ule wa mwalimu kamili. Tarehe 17 Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba kuwaajiri hivyo walimu waliokwisha hitimu si halali. Hilo ni jambo letu pia. Cheti humfungulia mtu mlango, lakini mshahara wa haki hupiganiwa na watu wengi pamoja. Walimu walilijua hilo tangu tarehe 4 Desemba 1957, walipounda chama chao, KNUT.

Kwa hiyo twaleta mbele yenu mambo matatu.

Kwanza, tawi lichague watu wawili wanaosoma vizuri, wapitie karatasi za matokeo pamoja na mzazi kabla hajalipa shilingi moja.

Pili, tuwaombe wenye shule za Mashimoni wawape walimu wao nafasi ya kusoma. Vyuo vikuu vingine hufundisha walimu wakati wa likizo za shule. Aliye na alama zinazofaa asizuiwe na kazi.

Tatu, tuwe na mfuko mdogo wa kusaidia walimu hao kwa karo, mmoja baada ya mwingine. Twachanga kwa mazishi bila kuulizwa mara mbili. Tuchange na kwa mtu aliye hai, ambaye kesho asubuhi atasimama mbele ya watoto wetu.

Mwenye neno na aseme, ndipo tupige kura.