Kushika Kamera Kubwa kwa Mkono

(Mazungumzo mbele ya wahitimu wenzangu na wanafunzi wa Klabu ya Picha)



Nimeombwa niseme machache juu ya kamera hii kuukuu iliyopo mezani, ambayo chama chetu kinawakabidhi vijana leo. Nashukuru kwa heshima hiyo. Mimi si mpiga picha wa kazi. Ni mtumishi wa serikali tu mwenye mapenzi na picha. Ninayoyajua nimeyapata kwa kuharibu filamu.

Kamera hii ni Crown Graphic, ya kampuni ya Graflex ya mjini Rochester, Marekani. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1947, na waandishi wa magazeti waliibeba mikononi kila mahali. Uzito wake unapita kilo 2. Filamu yake ni ya vipande, kila kipande inchi 4 kwa 5, yaani zaidi ya mara 12 ya picha moja ya filamu ya milimita 35. Ndiyo maana huonyesha hata uzi wa kanzu. Lakini kwa sababu hiyo hiyo haifichi kosa: mkono ukitikisika, picha ikikuzwa kila mtu ataona.

Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Ubena Zomozi kumpiga picha babu yangu. Stendi ya miguu mitatu niliiacha garini kwa uvivu. Jua lilikuwa linazama, nikaweka shata 1/25 ya sekunde, nikajiambia mkono wangu ni imara. Filamu iliposafishwa, mkongojo wa babu ulionekana miwili, na macho yake hayakuonekana kabisa. Nilikusudia kurudi. Kabla sijarudi, tukamzika. Kipande kile ninacho mpaka leo, na ndicho kilichonifunza haya nitakayoyasema.

Kwanza, mwendo wa shata. Lenzi hii ni ya milimita 135. Kanuni ya wapiga picha ni kwamba shata isiwe ya polepole kuliko 1 gawanya kwa urefu wa lenzi, yaani hapa 1/135. Basi chagueni 1/200. Kwa filamu ya kasi ya 400, jua kali la mchana litawaruhusu f/22. Kivulini chini ya mwembe, fungueni tundu la lenzi hadi f/8 au f/5.6. Kama picha itachapwa ndogo, 1/100 inaweza kuwavumilia. Mwanga ukipungua zaidi ya hapo, tumieni miguu mitatu, wala msibishane nao.

Pili, mwili. Mkono wa kushoto upite ndani ya mkanda na kubeba uzito wote; wa kulia ni wa kufyatua tu. Viwiko vibaneni mbavuni. Tanueni miguu, mguu mmoja utangulie kidogo. Penye ukuta, nguzo au mnazi, egemeeni. Msimu wa kusi jikingeni na upepo, maana mfuko wa ngozi unaokunjika mbele ya kamera huushika kama tanga.

Tatu, kuyumba mbele na nyuma. Hili wengi hawalijui. Tundu la lenzi likiwa wazi kabisa, na mtu yuko mita 2 mbele yenu, sehemu itakayotoka safi ni kama sentimita 20 tu. Ukishalenga fokasi kisha ukainama kidogo, umempoteza. Lengeni machoni, mkafyatue papo hapo.

Nne, pumzi na kidole. Vuteni pumzi, itoeni nusu, tulieni. Kifyatuo kisukumeni taratibu, msikidonoe. Baada ya mlio, hesabuni moja kabla ya kushusha kamera.

Tano, ni ujanja wa maskini. Tafuteni skrubu inayoingia kwenye tundu lililo chini ya kamera, mfunge kamba. Ncha ya pili ikanyageni, kisha ivuteni kamera juu mpaka kamba ikaze. Haitashinda miguu mitatu, lakini kuyumba kwa juu na chini kutapungua sana.

Ndugu zangu vijana, nimesikia mnakusudia kupita vijijini kuwapiga picha wazee wetu. Ni kazi njema. Lakini kumbukeni kwamba kila kipande ni picha moja, na mzee uliyemkuta leo barazani hakuahidi kukungoja. Usiku wa kuamkia safari, jizoezeni kushika kamera tupu mbele ya kioo. Na asubuhi, kabla ya kuondoka, hakikisheni miguu mitatu imo garini, na mkifika, ishusheni.