Masaa 48: Nani Anamwona Aliye Kasho?

Maneno yaliyosemwa Kindu mbele ya jamaa waliokimbia makwao na viongozi wa kartie

Ninyi machefu wa kartie mmevuka mto kutoka Alunguli asubuhi hii.

Nianze na yaliyotupata nyumbani. Mdogo wangu alikamatwa kwa deni la rafiki yake. Rafiki alitoroka, basi wakamchukua aliyebaki. Alikaa kasho siku sita. Kila siku nilipeleka chakula, kikapokelewa mlangoni, uso wake sikuonyeshwa. Siku ya tatu niliombwa makuta ili mlango ufunguliwe. Nikauza baiskeli. Alipotoka hakuweza kukunja vidole vya mkono wa kuume. Kituo sitakitaja. Ninalojuta ni kwamba sikuandika siku wala saa aliyokamatwa. Mwanasheria aliponiuliza, nikajibu, “Ilikuwa kama Ijumaa.” Kitabu cha kituo kilionyesha amekaa siku mbili tu. Mambo yetu yakaishia hapo.

Sheria ipo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 18, inasema aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe kuwasiliana na jamaa yake au mwanasheria wake. Polisi hawawezi kumzuia zaidi ya masaa 48. Yakiisha, aachiliwe au apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Kifungu cha 17 kinakataza kumkamata mtu kwa kosa la mwingine: mama hashikwi badala ya mwanawe. Na tangu sheria ya tarehe 9 Julai 2011, kumtesa mtu ni kosa la jinai.

Lakini anayeandika kitabu cha kasho ndiye huyo huyo mwenye ufunguo. Kwa hiyo lazima mtu wa nje aingie na kuona. Mwendesha mashtaka wa Jamhuri, kule tunakoita parke, ndiye anayesimamia kazi ya maofisa wa OPJ. Tume ya taifa ya haki za binadamu, CNDH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, ina uwezo wa kutembelea mahali watu wanapozuiliwa. Huko Uingereza, baada ya fujo za Brixton mwaka 1981, jaji Scarman alishauri watu wasio polisi wawe wanaingia vituoni bila kutazamiwa. Leo raia wa kawaida huenda wawili wawili, saa yoyote, wakauliza: umekula? umeumia? jamaa yako wanajua uko hapa? Kosa lake hawaliulizi. Hata polisi mwema anapata faida, maana hasingiziwi.

Sisi raia wa hapa hatuna ufunguo huo. Tuna kalamu. Na ninyi mliokimbia Salamabila au Kivu mnaihitaji zaidi, kwa kuwa wengi mlipoteza kadi ya mpiga kura njiani. Asiye na kadi, asiyejulikana na jirani, anaweza kukaa kasho mwezi bila mtu kumwulizia. Na kijana wa wageni akifia humo, tunajua maneno yatakayozunguka sokoni kati ya wageni na wenyeji.

Viongozi wenzangu mnisamehe. Baadhi yetu tunaona tumesaidia tukipunguza bei, kutoka franka elfu hamsini hadi elfu ishirini. Wiki ijayo wanakamatwa wawili. Tuache kazi hiyo. Mtu akikamatwa, andikeni jina lake, siku, saa, kituo, nani alimchukua, nani aliona. Nendeni wawili kituoni siku hiyo hiyo, kwa heshima, mwombe kumwona. Masaa 48 yakipita, karatasi hiyo ifike parke na CNDH, na nakala ibaki kwenu.

Kabla hamjarudi mtoni, kila kartie ichague watu wawili, mmoja awe mama. Daftari ziko pale mezani, karibu na mlango.