Bei ya Kisima katika Kisiwa cha Volkano

Wandugu, fundi akija kuomba feza za kisima, mumuulize kwanza: maji yako chini meta ngapi?

Sikilizeni habari ya Ngazidja, kisiwa cha Komoro katika Bahari ya Hindi. Kina mlima wa moto Karthala, wenye meta 2,361. Mvua ni nyingi, lakini hakuna mto wa kudumu. Sababu gani? Jiwe la volkano lina mianya mingi. Maji yanazama mpaka karibu na usawa wa bahari. Huko maji matamu, kwa kuwa ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya chumvi.

Basi nyumba ikiwa meta 10 juu ya bahari, shimo ni fupi. Ikiwa meta 300, utatoboa karibu meta 300 za jiwe, na kila meta inalipwa. Tena utanunua bomba refu na pampu ya nguvu. Ninyi mnaojua mgodi mnafahamu: kushuka ni kazi, kupandisha ni kazi ya pili, ya kila siku.

Msifikiri kwamba kuzidi kuchimba ni kuzidi kupata. Ukipita maji matamu, utakuta chumvi, na feza imepotea.

Kwa hiyo watu wengi wa huko wanakinga mvua ya mabati katika tangi la saruji. Lakini tangi lifunikwe vema: mwaka 2005 majivu ya Karthala yaliharibu maji ya matangi mengi.

Basi, wandugu, pimeni kwanza, lipeni nyuma.