Reli Ipo Lanet, Safari Huanzia Dundori
Hotuba kwa wakazi wa Dundori kuhusu usafiri wa treni



Dundori imekaa kati ya reli mbili. Upande wa chini, kule Lanet, inapita reli kuu ya kwenda Nakuru. Upande wa juu, Ol Kalou, linapita tawi la kutoka Gilgil hadi Nyahururu. Hata hivyo, mkazi wa Dundori anayewahi kazini mjini husimama steji kungoja matatu au huita bodaboda. Ndiyo maana kila treni inapotajwa barazani, watu hushangilia. Lakini wanaopanda treni kila siku kwingineko wana malalamiko yao, na yafaa Dundori iyasikie mapema.

Nairobi ina treni za wafanyakazi zinazounganisha mji na sehemu kama Ruiru, Kikuyu na Syokimau, ambako kituo kilifunguliwa Novemba 2012. Treni hizo hufuata saa za ofisi: asubuhi kuingia mjini, jioni kutoka. Anayeingia kazini saa mbili asubuhi hufaidika. Anayemaliza zamu usiku, au mama mboga anayetaka kurudi nyumbani saa sita mchana, hubaki mikononi mwa matatu. Mabehewa hujaa, wengi husimama. Na aliyechelewa dakika tatu hawezi kuipungia mkono treni isimame.

Kisha kuna kuchelewa. Reli ya zamani, ile yenye upana wa mita 1, ina njia moja tu. Treni mbili zikikabiliana, moja lazima ingoje kwenye kituo chenye njia ya kupishania. Kwa hiyo treni ya mizigo ikichelewa, ya abiria nayo hukwama mbali kabisa na penye tatizo. Abiria wengi wangevumilia kama wangeelezwa. Kinachowaudhi ni kukaa kimya ndani ya behewa bila tangazo, mtu hajui ampigie mwajiri simu au ashuke atafute gari.

Karibu na Dundori kuna mafunzo mengine mawili. Oktoba 2019, reli ya kisasa ya SGR ilifunguliwa kutoka Nairobi hadi Suswa, takriban kilomita 120. Abiria wa Nakuru anayeshuka Mai Mahiu bado hajafika. Ana matatu ya kutafuta, nauli nyingine ya kulipa, na mizigo ya kubeba. Desemba 2021, treni ya abiria ya Nairobi hadi Kisumu ilirejea kupitia Nakuru. Ilipangwa kusafiri usiku, Ijumaa kwenda na Jumapili kurudi. Ratiba hiyo ilimfaa anayekwenda kusalimia wazazi. Haikumfaa mgonjwa mwenye miadi ya kliniki Jumanne asubuhi, wala mkulima anayetaka karoti zake zifike sokoni kabla ya jua kuchomoza.

Kwa hivyo, siku mpango wa treni ya abiria utakapoletwa kwa wananchi watoe maoni, kuuliza tu kama treni itakuja hakutoshi. Maswali yanayofaa ni haya. Itapita Lanet saa ngapi, na ya kurudi ni saa ngapi? Nani atamtoa mtu Dundori hadi kituoni gizani, na kwa nauli gani? Ukijumlisha matatu na tiketi, je, bado ni nafuu? Treni ikichelewa, abiria atajulishwaje? Mwenye kiti cha magurudumu au mama mwenye mtoto mgongoni atapandaje behewa lililoinuka?

Ni vizuri pia kujua mlango wa kubisha. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, reli ni kazi ya Serikali ya Kitaifa. Ratiba, mabehewa na nauli za treni ni mambo ya Shirika la Reli la Kenya. Barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na uchukuzi wa umma wa barabarani ni kazi ya kaunti. Ombi la steji karibu na kituo, au la taa kwenye njia ya kuelekea huko, lipelekwe kwa kaunti, hasa katika vikao vya bajeti. Anayepeleka lalamiko la ratiba kwa msimamizi wa wadi atazungushwa bure.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya huduma bora na ya habari anazohitaji ili afaidike nayo, hata kama mtoa huduma ni shirika la umma. Na chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016, ofisi ya umma iliyoombwa habari inatakiwa kujibu ndani ya siku 21. Asiyejibiwa anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Barua ipelekwe kwa maandishi, iwe na tarehe, na nakala ibaki nyumbani.

Treni nzuri kwa mkazi wa Dundori ni ile inayomfikisha kazini kwa wakati na kumrudisha kabla watoto hawajalala. Kikao cha maoni kikiitishwa, hayo ndiyo ya kusema, na yasemwe kabla ya ratiba kuandikwa.