Trei Zetu Tuzitandike Nini?
(Maneno ya Kamati ya Ukaushaji siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Wenzetu waliotutangulia wameeleza habari za hisa na mikopo. Sisi wa ukaushaji tunaleta jambo linaloonekana dogo: kile tunachotandika kwenye trei za kaushio la jua nyumbani. Jamani, kaushio laweza kuwa zuri, mbao safi na nailoni angavu juu, lakini kinacholala na chakula tangu asubuhi mpaka kikauke ni hilo tandiko.

Kazi yake ya kwanza ni kupitisha hewa. Embe bivu, zaidi ya robo tatu yake ni maji, na maji hayo yanatakiwa kutoka juu na chini. Ukitandika karatasi ya nailoni, upande wa chini unabaki na unyevu, na ukungu huanzia hapo. Gazeti nalo tusilitumie, wino wake hushika kwenye tunda.

Sasa tuseme wazi bila kuoneana haya. Tangu Hati Punguzo ya mwaka 2004, na ugawaji mkubwa wa vyandarua uliofuata, nyumba nyingi zina chandarua kikuukuu chenye dawa. Ni chepesi, kina matundu mazuri, tena ni cha bure. Kisitandikwe kwenye trei! Dawa ya kuua mbu imeshikana na uzi wenyewe, ndiyo maana hustahimili kufuliwa mara nyingi. Usiseme, "Nitakichemsha." Embe linaloloa hulala juu yake siku nzima kwenye joto, na anayelila ni mtoto wetu au mteja aliyetuamini. Mifuko ya mbolea na ya dawa za shamba ni vivyo hivyo, hata ikioshwa.

Je, wavu wa waya? Ule uliopakwa zinki, kama wa mabanda ya kuku, haufai kugusana na matunda. Uchachu wa nanasi, embe na nyanya hula zinki ile na kuiingiza kwenye chakula, kisha kutu hufuata. Wavu wa chuma cha pua ndio bora, hudumu miaka, ila bei yake ni kubwa. Kwa mfuko wetu kinachofaa ni wavu wa plastiki uliotengenezwa kwa ajili ya chakula. Muuzaji aulizwe, na asipojua umetengenezwa kwa kazi gani, tusinunue.

Matundu nayo yana hesabu yake. Vipande vya embe na ndizi vinakaa vizuri kwenye matundu ya milimita 5 hivi. Mchicha na tembele hunywea vikikauka, hivyo vinahitaji milimita 1 au 2, la sivyo mboga yote utaiokota chini. Embe lililopondwa ndilo pekee linalohitaji plastiki isiyo na matundu, nayo iwe ya chakula: paka mafuta kidogo, mimina unene wa milimita 3 hadi 5, na juu likishashikana, libandue uligeuzie kwenye wavu likauke upande wa pili.

Kabla ya kutumia wavu mpya, uoshe, kisha uache kwenye kaushio tupu jua la mchana. Ukilegea au ukitoa harufu, huo haufai. Usiupigilie misumari moja kwa moja. Ufunge kwenye fremu uweze kutoka, uloweke mara tu baada ya kazi kabla sukari haijagandamana, uusugue kwa brashi na sabuni, na uukaushe kivulini. Nyuzi zikianza kukatika, uondolewe, maana kipande cha uzi ndani ya pakiti moja kinatosha kutupotezea soko.

Ndugu wanachama, tunajua mama mmoja mmoja kununua wavu huo ni mzigo, na ndipo chandarua kinapoonekana mkombozi. Kwa hiyo tunaomba mkutano mkuu upitishe mambo mawili. Kwanza, wavu ununuliwe kwa pamoja, kwa robota, kutoka mfuko wa kikundi, na kila mama arudishe kidogo kidogo kama mkopo mwingine wowote. Pili, kabla ya msimu wa maembe trei zote zikaguliwe, zikiwemo zetu sisi wanakamati, na kikundi kisipokee mzigo uliokaushwa juu ya tandiko lisilokubalika.

Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Miaka 10 tumekuwa tukiaminiana kwa fedha. Sasa tuaminiane na kwa chakula.